RAI NYEPESI NA USHUHUDA MZITO



Zamani habari za mauaji ya mbali zilitufikia kwa redio, nazo zilikuwa zimekwisha kupoa njiani. Siku hizi zinatufikia mkononi zikiwa bado za moto. Hatujamaliza chai ya asubuhi, tumekwisha kumwona askari akimpiga raia katika mji tusioujua, na nyumba za watu zikianguka katika vita ambavyo chanzo chake hatukukisoma. Na kabla hatujafuta machozi twaulizwa: "Ninyi mwasemaje? Mko upande gani?" Anayekawia kujibu huitwa mwoga. Anayejibu upesi hupata sifa, hasa akijibu kwa ukali.

Katika ukurasa huu twataka kulitazama swali hilo kwa utulivu, maana limewagawanya hata watu wa nyumba moja. Hatuulizi kama udhalimu ni mbaya. Hilo halina mjadala. Twauliza juu ya wajibu wetu sisi tulio mbali. Je, mtu aliyeona jambo kwa kioo cha simu tu yampasa kulitolea hukumu? Na akitoa, hukumu hiyo ina uzito gani?

Twaona ya kuwa mambo mawili yamechanganywa, nayo ni rai na ushuhuda. Rai ni yale mtu anayoyaona kuwa kweli au sawa kwa kadiri ya akili yake. Ushuhuda ni yale aliyoyaona, aliyoyasikia au aliyoyapima mwenyewe, naye yuko tayari kusimama na kuulizwa juu yake. Rai kila mtu anayo, na kuitoa hakumgharimu kitu. Ushuhuda ni wa wachache, na mara nyingi huwagharimu sana. Tukisahau tofauti hiyo, rai hujivika joho la ushuhuda, na ushuhuda wa kweli huzama katika kelele.

Msichana wa Minneapolis

Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis, Marekani, polisi aitwaye Derek Chauvin alimwekea goti shingoni mtu mweusi, George Floyd, aliyekuwa amefungwa pingu na kulazwa kifudifudi barabarani. Alikaa hivyo kwa zaidi ya dakika 9, na Floyd akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi haikutaja goti wala shingo. Ilisema kwamba mtu huyo alionekana kuwa na shida ya kiafya, akapelekwa hospitali, akafariki huko. Kama si msichana mmoja wa miaka 17, Darnella Frazier, huenda taarifa hiyo ingalibaki kuwa ndiyo historia.

Msichana huyo alikuwa anakwenda dukani na binamu yake mdogo. Aliona, akasimama, akashika simu yake, akapiga picha za yaliyokuwa yakitokea bila kukimbia. Tunaomba msomaji atazame vizuri alichokifanya. Hakutoa rai. Hakusema kitu juu ya polisi wote wala juu ya watu weupe wote. Alihifadhi kilichotokea mbele ya macho yake, kisha mwaka 2021 akaenda mahakamani kuapa na kuulizwa maswali. Alieleza huko kwamba kulikuwa na usiku mwingi ambao hakulala, akimwomba radhi marehemu kwa kutoweza kufanya zaidi. Hiyo ndiyo bei ya ushuhuda. Aprili 2021 Chauvin alionekana na hatia ya mauaji, na Juni mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Kuna jambo jingine katika kesi zile ambalo halikusemwa sana. Mkuu wa polisi wa mji ule mwenyewe alipanda kizimbani akasema kwamba kitendo cha Chauvin kilikuwa kinyume cha mafunzo na maadili ya kikosi. Na Februari 2022 askari wengine watatu waliokuwapo siku ile walionekana na hatia katika mahakama ya shirikisho, kwa kuwa walimwacha mtu afe bila kumsaidia, na wawili kati yao kwa kutomzuia mwenzao. Sheria hapo ilifundisha jambo kubwa: kimya cha mtu aliyepo, mwenye uwezo wa kuzuia, ni sehemu ya kosa. Tutalirudia neno hilo, kwa sababu watu wengi hulichukua na kuwatwisha wasiokuwapo.

Picha haijisemei

Wapo wasemao kwamba siku hizi hakuna haja ya mashahidi, kwa kuwa picha yatosha. Tungependa wakumbuke mambo ya Los Angeles. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991 polisi wa huko walimpiga Rodney King kwa virungu, naye mkazi mmoja akachukua picha za video kutoka kwenye roshani ya nyumba yake. Dunia nzima iliziona. Hata hivyo, Aprili 1992 baraza la mahakama halikumtia hatiani hata askari mmoja kati ya wanne walioshtakiwa. Mji ukawaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka uliofuata, katika mahakama ya shirikisho, wawili kati yao walionekana na hatia.

Picha ilikuwa ile ile. Katika kesi ya kwanza wanasheria wa utetezi waliipunguza mwendo na kuikatakata, kipande kwa kipande, mpaka kila pigo likaonekana kama jambo la peke yake lenye sababu zake. Kumbe jicho laweza kuona na moyo usielewe. Picha huanza pale mpigaji alipobonyeza, huisha pale alipoacha, na kati ya hapo hutazamwa na watu wenye mapendeleo yao. Kwa hiyo hata picha ya kweli yataka mtu mwaminifu wa kueleza ilipigwa wapi, lini, na nini kilitangulia.

Tena si kila kifo kina picha. Juni 2025 mwalimu wa Kenya, Albert Ojwang, mwenye miaka 31, alikamatwa huko Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Tuliambiwa kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Hapakuwa na msichana mwenye simu katika chumba kile. Walioisahihisha habari ni madaktari waliomchunguza maiti, wakaandika waliyoyakuta: majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha mengine mwilini yasiyolingana na mtu aliyejiumiza. Baada ya hapo mkuu wa polisi aliomba radhi kwa taarifa ya kwanza, na watu kadhaa, wakiwamo askari, wakashtakiwa. Hukumu ni ya mahakama, nasi hatutaitangulia. Lakini ule ushuhuda wa madaktari, uliotiwa sahihi kwa majina yao, ulifanya kazi ambayo maneno ya hasira maelfu kwa maelfu yasingaliweza kuifanya peke yake.

Vita vya mbali, na hospitali yetu

Sasa tuje kwenye vita vya mbali. Tutachukua mfano usio mbali sana na Kanisa letu. Katika mji wa Gaza kuna hospitali iitwayo Al-Ahli, mali ya Dayosisi ya Kianglikana ya Yerusalemu. Ilianzishwa mwaka 1882 na C.M.S., chama kile kile kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kwa hiyo kwa upande mmoja wa historia sisi na hospitali hiyo tu ndugu wa tumbo moja.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliishambulia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine karibu 250. Israeli ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Jioni ya tarehe 17 Oktoba mlipuko mkubwa ulitokea katika uwanja wa hospitali ya Al-Ahli, ambako watu wengi walikuwa wamejihifadhi. Muda mfupi baadaye ilitangazwa kutoka Gaza kwamba ndege za Israeli zimeua mamia. Israeli ikasema hapana, ni roketi ya kundi la Islamic Jihad iliyoharibika njiani. Kundi hilo likakana. Idadi ya wafu ikawa na ubishi pia: wizara ya afya ya Gaza ilisema 471, wapelelezi wa Marekani wakakadiria kati ya 100 na 300. Lakini usiku ule ule, kabla hata majeruhi hawajapata vitanda, miji mingi ya dunia ilikuwa imekwisha kutoa hukumu, kila mmoja kwa upande alioupenda tangu asubuhi.

Miezi kumi na minane ikapita. Alfajiri ya tarehe 13 Aprili 2025, Jumapili ya Mitende, makombora yaliipiga hospitali ile ile. Dayosisi ya Yerusalemu ilitoa taarifa: kwamba onyo lilikuja dakika 20 tu kabla, kwamba jengo la maabara limebomolewa na idara ya dharura imeharibiwa, na kwamba mtoto mmoja aliyekuwa ameumia kichwa alikufa katika kuhamishwa kwa haraka. Israeli yenyewe ilikubali kwamba imepiga, ikidai kwamba Hamas walikuwa na kituo mle, na Hamas wakakana.

Tulinganishe mara hizo mbili. Mara ya kwanza palikuwa na wafu, lakini mkono ulioua ulikuwa katika ubishi. Mara ya pili wenye nyumba walisimama wakasema kwa jina lao, siku na saa, na aliyepiga hakukana. Twaonavyo sisi, mara ya kwanza ilitupasa kuomboleza bila kutaja muuaji, na mara ya pili ilitupasa kusema waziwazi. Kwa bahati mbaya wengi walifanya kinyume. Walipiga kelele nyingi pale ambapo hawakujua, na pale ambapo yalijulikana walikuwa wamekwisha kuchoka. Hivyo ndivyo rai nyepesi inavyoharibu: huumaliza moyo mapema, ushuhuda ukija haukuti mtu wa kuusikiliza.

Wenye uwanja

Yatupasa pia kuuliza, ni nani anayetuharakisha? Uwanja tunaosemea si wa baraza la kijiji. Una wenyewe, nao ni wafanyabiashara. Faida yao hutokana na muda tunaokaa tukitazama matangazo, na kitu kinachomkalisha mtu kwa haraka ni hasira na hofu. Haihitajiki nia mbaya ya mtu mmoja. Yatosha kwamba mashine imeagizwa kuwapa watu zaidi ya kile wanachokishika.

Matokeo yake yalionekana nchini Myanmar. Agosti 2017 jeshi la huko liliwashambulia watu wa kabila la Rohingya, ambao wengi wao ni Waislamu, na watu zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, maneno ya kuwadhalilisha yalikuwa yakienezwa katika Facebook, ambayo kwa watu wengi wa nchi ile ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2018 kwamba mtandao ule ulikuwa na mchango mkubwa katika kueneza chuki, na kampuni yenyewe ilikiri mwaka huo kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia. Waliokuwa wakipeleka ujumbe ule mmoja mmoja, bila shaka wengi wao walidhani wanatoa rai zao tu.

Wala tusisahau wanaosafisha uwanja huo. Baadhi ya vijana wetu wa Afrika waliajiriwa Nairobi kutazama, kutwa kucha, video za watu wanaochinjwa na kuteswa, ili waziondoe kabla hatujaziona. Mwaka 2022 mmoja wao alifungua kesi, na baadaye wengine zaidi ya mia moja wakafuata, wakisema kazi ile imewavunja akili na malipo yalikuwa kidogo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni yenye Facebook yaweza kushtakiwa nchini humo. Kila tunaposambaza picha ya maiti kwa haraka, tunaongeza mzigo wa vijana wa namna hiyo.

Na upande wa pili wa uwezo huo ni kuufunga uwanja. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, katika siku zile zile ambazo watu waliuawa katika ghasia. Iliporudi, polisi waliwatumia watu ujumbe wa simu kuwaonya wasieneze picha za kuleta taharuki. Twasema hivi: kuzuia uongo ni jambo moja, na kuzuia ushahidi ni jambo jingine. Serikali inayofunga macho ya watu wote isishangae watu wakiamini kila uvumi, kwa maana imewanyima kitu cha kuupimia.

Je, tukae kimya?

Msomaji mwenye moyo atatujibu: "Mkingoja ushahidi ukamilike, wafu watakuwa wamekwisha kuoza, na wauaji watakuwa wamekwisha kustaafu kwa heshima." Pingamizi hili lina nguvu, wala hatutalikwepa. Wadhalimu wengi huomba subira ili watu wasahau. Tena ni kweli kwamba kesi ya Ojwang ingaliweza kuzikwa pamoja naye kama watu hawangalipaza sauti.

Lakini tuangalie ni sauti ya namna gani. Kuna mambo matatu ambayo mtu aliye mbali aweza kuyafanya, na kila moja lina kipimo chake. La kwanza ni kulia. Kulia hakuhitaji ushahidi zaidi ya kifo chenyewe. Mtoto akifa Gaza, au mkulima akiuawa Israeli, au kijana akipigwa risasi Nairobi, tulie leo, wala tusimuulize marehemu kabila lake kwanza. La pili ni kudai. Kudai uchunguzi, kudai mwili uangaliwe na daktari asiye wa upande wowote, kudai aliyekamatwa afikishwe mahakamani. Hayo nayo twaweza kuyafanya leo, kwa kuwa ni haki ya kila mtu, awe mwema au mwovu. La tatu ni kushtaki, yaani kusema fulani ndiye aliyeua. Hilo lataka ushahidi, na bila ushahidi laingia katika ile amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo.

Basi asiseme mtu kwamba mwenye kungoja ushahidi amenyamaza. Aliaye na kudai hakunyamaza. Pia tusidhani kwamba haki ni kuweka mizani sawa baina ya askari na mtu aliyekufa mikononi mwake. Mwenye ufunguo wa mahabusu ndiye mwenye deni la maelezo. Mtu akiingia mle anatembea na kutoka amebebwa, si kazi ya mama yake kuthibitisha kilichomuua. Kwa hiyo tukidai maelezo kutoka kwa polisi, hatuwaonei. Twawadai kile walichoapa kukilinda.

Na tuwakumbuke askari walio katikati yetu. Wako katika kwaya zetu, na watoto wao wamo katika Shule ya Jumapili pamoja na watoto wetu. Kusema kwamba polisi wote ni wauaji ni ushuhuda wa uongo, tena huwafungia mlango wale ambao wangependa kusema kweli. Lakini kwao tuna neno zito zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao wapo. Sisi twaona kipande cha picha, wao huona tendo lote. Wale watatu wa Minneapolis hawakuweka goti kwenye shingo ya mtu, lakini walikuwapo. Askari Mkristo aliyeona mwenzake akimtesa mfungwa hana haki ya kujificha katika utulivu tunaousifu hapa. Kwake kimya si subira.

Kwetu sisi wengine, kabla ya kubonyeza na kupeleka ujumbe katika kundi la parishi au la ukoo, tujiulize maneno machache. Je, jambo hili naliona mwenyewe, au nimeletewa na mtu aliyeletewa? Je, picha hii ni ya mahali na siku inayotajwa? Novemba 2022 waliotengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 walilazimika kueleza kwamba picha za mchezo wao zinaonyeshwa kama vita vya kweli vya Ukraine. Mtu mzima akidanganywa na mchezo wa kompyuta, hana budi kujihadhari. Je, marehemu huyu angekuwa mwanangu, ningetaka mwili wake uonekane hivi? Na mwisho, nikiulizwa mbele ya mahakama au mbele ya mama yake, nitalirudia neno hili?

Akiona jibu la mwisho ni hapana, mtu na aliache. Maji yakimwagika hayazoleki, nalo jina la mtu ni kama maji hayo. Akiona jibu ni ndiyo, na aseme kwa jina lake, asiogope, hata kama wakubwa hawapendi. Parishi isiyo na watu wa namna hiyo ni maskini, hata ikiwa na watu mia wenye rai kali juu ya kila vita duniani.